Kuonja mvinyo viwandani Dodoma: niulize nini, na chupa zifike Dar bila kuharibika?

Mpitanjia

Wakuu habari za leo. Mwezi wa tisa tunashuka na gari kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa, tunalala Dodoma usiku mmoja, kesho yake tunaendelea Dar. Tuko wanne, dereva hanywi kabisa. Tungependa kupita kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, vile vyenye kibao barabarani, siyo kununua dukani. Tuonje, tuelewe tunachokunywa, na tuondoke na chupa kama nane.

Naomba kujua: upande gani wa mji uko rahisi kwa njia yetu, mtu anaonjaje bila kujifanya mjuaji, maswali gani ya kumuuliza mwenye kiwanda, na nitajuaje chupa mbovu kabla sijailipia. Pia nasikia mvinyo mtamu hurusha kizibo njiani. Ni kweli? Kama ni kweli, kwa nini ule mtamu tu?

Kizibuo

Mkuu, kwa kutokea Arusha mashamba mnayakuta kabla ya mji. Makutupora ndiyo ya kwanza, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI (taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo), kisha Veyula, kisha Miyuji ambayo siku hizi ni mjini tu. Bihawana na Mpunguzi ziko barabara ya Iringa, hizo ziacheni safari hii. Hombolo mnatoka mjini kwa barabara ya Dar na kukata kushoto Ihumwa. Ni mchepuko wa maana, siyo kituo cha dakika kumi, ila angalau uko upande wa safari yenu.

Tatizo lenu ni muda. Arusha hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo mtafika alasiri mmechoka, mmekula njiani, na ulimi umejaa pilipili na soda. Hapo hamuonji, mnakunywa. Siku ya kufika piteni tu kuweka miadi na kuangalia mashamba jua likiwa limepoa. Onjeni kesho yake saa tatu asubuhi, baada ya kifungua kinywa chepesi. Kiwanda kimoja kwa utulivu kinatosha. Na pigeni simu kabla, maana vingi ni vidogo: kuna dirisha la mauzo, lakini anayejua mvinyo ulivyotengenezwa yuko shambani au kwenye matenki. Vya misheni msivitegemee Jumapili. Kwenye simu hiyohiyo ulizeni kama kuonja kunalipiwa. Kama ni bure, ustaarabu ni kununua walau chupa moja.

Bebeni glasi zenu nne zenye shina. Nasema hivi kwa kuwa mahali pengi mtapewa vikombe vidogo vya plastiki, na kwenye kikombe cha plastiki kilichojaa hadi juu harufu haina pa kukusanyika. Zioshwe kwa maji mengi, maana sabuni yenye manukato ikibaki kwenye glasi utaisifia sabuni. Siku hiyo msijipulizie manukato pia.

Kiasi ni ml 30 hadi 40 kwa kila aina. Aina sita za ml 40 ni ml 240, karibu theluthi ya chupa kwa mtu mmoja kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo ombeni ndoo ya kutemea, na hakuna atakayewashangaa. Anayeshangaa kutema hajawahi kuonja kwa kazi.

Mpangilio: mweupe mkavu kwanza, kisha wa waridi, kisha mwekundu mkavu, kisha mtamu, na ule uliokolezwa pombe kali uwe wa mwisho kabisa. Ukianza na mtamu, mkavu wowote utakaofuata utauona kama ndimu. Wenye maduka huanza na mtamu kwa sababu ndio unaouzika. Ombeni kwa upole wabadilishe.

Kwenye glasi yenyewe: inamishe juu ya karatasi nyeupe, tazama rangi ukingoni. Nusa kabla hujaizungusha, kwa sababu harufu mbaya nyingi huonekana hapo, halafu zungusha unuse tena. Chukua mdomo mdogo, uzungushe kama unayesukutua, vuta hewa kidogo kupitia meno, tema. Sasa subiri, hesabu hadi kumi. Kinachobaki ndicho unachonunua. Mate yakitiririka pembeni mwa ulimi, huo ni ukali wa asidi, na kwenye joto la Dodoma hiyo ni habari njema. Fizi zikikaza kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, huo ni ukakasi wa maganda na mbegu. Koo likiwaka, pombe imezidi vingine vyote.

Jambo la mwisho ni joto. Mweupe ukitoka moja kwa moja kwenye jokofu la nyuzi 4 hauna harufu, wala kasoro zake hazinuki. Ushike glasi kwa kiganja dakika mbili tatu ndipo uhukumu. Mwekundu uliokaa rafuni kwenye nyuzi 28 nao unanuka pombe tu. Ombeni uwekwe kwenye friji nusu saa wakati mnaonja mweupe. Hii ya kusema mwekundu hunywewa joto la chumba ilihusu vyumba vya Ulaya vyenye nyuzi 16 au 18.

Chachu

Kizibuo kamaliza upande wa kuonja. Mimi niongeze kasoro na hilo la vizibo.

Swali la kwanza kwa muuzaji, kabla ya aina ya zabibu, liwe: "Chupa hii imefunguliwa lini?" Chupa ya kuonjesha iliyofunguliwa juzi na kuachwa kaunta haikuambii chochote kuhusu zile zilizofungwa. Mweupe wake unaweza kuwa umeanza kugeuka kahawia na kunuka tofaa lililoiva kupita kiasi. Mwekundu mchanga unaweza kuwa umeanza kupata ukingo wa rangi ya tofali. Ni hewa hiyo. Omba wafungue mpya. Chupa mpya nayo ikiwa hivyo hivyo, basi hewa iliingia kwenye tenki, na chupa zote za mkupuo huo ziko hivyo.

Harufu ya siki, au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha: bakteria wa siki wameingia. Hawa hupenda joto na hewa, na husafirishwa na vile vinzi vidogo vinavyozunguka zabibu zilizopasuka. Mwezi wa tisa mtakuta mavuno yanaendelea, kwa hiyo tazameni: kreti zikiwa zimekaa juani na vinzi vimetanda, mtajua mapema. Siki haina tiba.

Harufu ya yai bovu ni tofauti, msikimbie haraka. Chachu ikikosa naitrojeni ya kutosha wakati wa kuchachua hutoa gesi hiyo. Zungusha glasi kwa nguvu dakika moja. Ikipotea, ni ndogo. Kuna wanaotumbukiza sarafu ya shaba iliyosafishwa vizuri kwenye glasi, maana shaba huishika gesi ile, kisha wananusa tena. Ikibaki, achana nayo. Moshi wa kiberiti kilichowashwa sasa hivi ni salfaiti (kihifadhi cha salfa) iliyozidi. Nayo hupungua chupa ikipumua, ila wenye pumu wawe waangalifu. Kadibodi iliyolowa ni kizibo, siyo mtengenezaji, na ni ya chupa hiyo moja tu. Ya jirani yake inaweza kuwa safi kabisa.

Sasa vizibo. Zabibu ya Dodoma hukomaa na sukari nyingi. Juisi yenye sukari ya nyuzi 22 kwenye kipima sukari ikichachuka yote inatoa pombe ya asilimia 12 hadi 13 hivi. Ili mvinyo ubaki mtamu, lazima ama uchachukaji ukatizwe katikati, ama sukari au juisi iongezwe baadaye. Njia zote mbili zinaacha chakula chupani. Kama chachu haikuondolewa yote, au haikuzuiwa sawasawa, inaamka gari likipata joto na kuanza upya. Hesabu ni hii: gramu 4 za sukari zikichachuka kwenye lita moja zinazalisha gesi ya kutosha kuleta shinikizo la kama angahewa moja. Gramu 12 tu ni angahewa tatu, na hapo kizibo cha kawaida kinatoka chenyewe. Mvinyo mtamu una gramu 45 na zaidi kwa lita. Mkavu, wenye gramu 4 au pungufu, hauna cha kuchachusha. Ndiyo maana ni ule mtamu tu.

Kwa hiyo kwa mtamu uliza: "Mliuzuiaje kuendelea kuchachuka?" Majibu yanayoridhisha: umechujwa kwa kichujio cha mikroni 0.45 wakati wa kufunga, au umechemshwa kidogo wakati wa kufunga, au umekolezwa pombe hadi asilimia 16 na kuendelea ambapo chachu nyingi hushindwa, au umewekewa salfaiti pamoja na kihifadhi cha sorbati (sorbate). Akijibu "tuliuacha ukatulia wenyewe", nunua wa kunywa leo usiku.

Mpitanjia

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nauliza mambo mawili ya nyongeza. Je, wakituchotea moja kwa moja kutoka kwenye tenki tukubali? Na zile chembe zinazong'aa chini ya chupa ya mweupe ni sukari, chupa iliyovunjika, au nini?

Chachu

Kubalini, ila msiuhukumu kama wa chupa. Wa tenki huwa haujawa angavu, unawasha ulimi kwa gesi iliyobaki, na harufu ya hamira bado iko juu. Unasaidia kujua mwelekeo: una ukali wa kutosha? Una harufu ya tunda au ya siki? Basi. Na mkikuta mwekundu unachachuka, msiinamishe kichwa ndani ya tenki kunusa hata kama mlango uko wazi. Gesi ya ukaa imetanda pale juu ya maganda, na kwenye tenki kubwa mtu huanguka kabla hajajua amekosa hewa.

Chembe zile ni chumvi ya asidi ya zabibu. Hujitenga mvinyo ukipoa sana, kwa hiyo huonekana zaidi kwenye chupa zilizokaa friji. Ziweke kidogo kwenye kijiko na maji ya moto: zitayeyuka na maji yatakuwa makali kidogo. Kioo hakiyeyuki. Si kasoro, ni ishara tu kwamba kiwanda hakikupoza mvinyo vya kutosha kabla ya kufunga. Kinachotakiwa kuwatia wasiwasi ni utandu unaofanana na pamba au kamasi, au ukungu kwenye mvinyo uliokuwa angavu wakati wa kununua.

Mpogoleaji

Hapo juu mmeongea ya kiwandani tu, na mvinyo nusu yake ni shamba. Muulizeni mwenye kiwanda: "Hii ni ya msimu gani?"

Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu huku haulali usingizi wa baridi kama Italia. Ni mkasi unaouamsha. Ukipogolea leo, baada ya kama miezi minne unavuna. Msimu mmoja unaangukia Machi hivi, mvua zikiwa bado zipo. Mwingine ni Agosti na Septemba, kiangazi kikavu. Zabibu zinazoiva kwenye mvua hunywa maji, sukari inashuka, ukungu unashambulia majani na vichala, na mkulima anaogopa kuoza kwa hiyo anavuna kabla hazijaiva. Za kiangazi ni ndogo, ganda limekaza, rangi na harufu vimekolea. Kwa mwekundu mimi nachagua wa kiangazi bila kujiuliza. Kwa mweupe siyo lazima, kwa sababu ubichi kidogo unaupa ukali unaohitajika.

Kuhusu aina: mweupe wa kawaida ni Chenin Blanc, na unafaa kwa joto letu kwa kuwa hautupi asidi yake haraka. Mwekundu mtakutana na Makutupora Red, ambao ndio wa wakulima wengi, na pia Syrah na Cabernet Sauvignon. Wakiwapa Makutupora peke yake na Syrah peke yake, onjeni bega kwa bega. Huo mlinganisho hamtaupata dukani Dar, kwa sababu chupa nyingi za bei ya chini ni mchanganyiko na lebo inasema tu nyekundu.

Kama ni kiwanda cha misheni, ulizeni kama wana divai ya misa. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Kwa hiyo ndiyo chupa ambayo haina uwezekano wa kutiwa rangi au ladha ya bandia. Si lazima iwe tamu wala nzuri kuliko nyingine, ila ni kipimo kizuri cha zabibu ya eneo hilo ilivyo.

Mkipita shambani, angalieni wanavuna saa ngapi. Anayeanza alfajiri na kumaliza kabla ya saa nne anajua anachofanya. Zabibu iliyovunwa saa saba mchana inafika kiwandani ikiwa na nyuzi 35, tayari imeanza kuchachuka kwenye kreti bila ruhusa. Na msichume kichala bila kuuliza. Huenda kimepuliziwa dawa wiki hiyo.

Zile zabibu za kula zinazouzwa kwa mabeseni kituo cha mabasi ni habari nyingine, msizitumie kupima mvinyo.

Deli_la_Barafu

Nichangie usafiri, maana chupa nane za mwanzo mwisho zinaharibikia kwenye buti.

Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450. Gari likisimama juani Morogoro mnakula, ndani linapita nyuzi 50 kirahisi. Mvinyo ukishapita nyuzi 30 kwa muda unaanza kupikika: harufu ya tunda inageuka jamu, kizibo kinasukumwa juu kwa kuwa kimiminika kinatanuka, kisha usiku kikipoa kinavuta hewa ndani. Ukikuta kizibo kimepanda milimita mbili juu ya mdomo wa chupa au kuna mchirizi umekauka chini ya kofia, imeshapata joto. Kagueni hilo hilo kiwandani kabla ya kulipa, maana hata rafu ya dirishani inapika.

Chukueni deli la samaki jipya au lililosafishwa, lile la lita 50. Chupa nane zinaingia zikiwa zimefungwa magazeti, na chupa mbili za maji zilizogandishwa zikae kati. Barafu ya vipande msiweke, ikiyeyuka inabandua lebo na stempu. Deli likae ndani ya gari upande wa viti vya nyuma penye kiyoyozi kama kuna nafasi, siyo buti.

Mdau mmoja atasema chupa zilazwe. Kwa safari ya siku moja zisimame. Kulaza ni kwa ajili ya kizibo kisikauke kwa miezi, na chupa ya kizibo cha kuzungusha haihitaji kulazwa kamwe. Mkifika, ziacheni siku kadhaa mahali pa giza kabla ya kufungua. Chini ya ngazi ni bora kuliko kabati la juu jikoni. Mivinyo hii mingi haitengenezwi ya kuzeeka. Mweupe maliza ndani ya mwaka, mwekundu ndani ya miwili hivi. Ukishafungua, friji hata kwa mwekundu, siku tatu au nne. Uliokolezwa pombe unavumilia wiki kadhaa.

Kwenye ununuzi: chupa iwe na stempu ya kodi ya TRA (mamlaka ya mapato) na alama ya TBS (shirika la viwango), na lebo inayoonyesha kiwango cha pombe na mtengenezaji. Stempu unaikagua kwa simu, programu inaitwa Hakiki Stempu. Wakitaka kuwajazia kwenye chupa ya maji ya plastiki kwa bei poa, kataeni au mnywe jioni hiyo hiyo. Plastiki laini inapitisha hewa na haina ulinzi wowote mkisimamishwa. Kuna pia zile boksi za lita tano zenye mfuko ndani. Hizo msizidharau kwa matumizi ya nyumbani. Mfuko unajikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, unadumu hadi mwezi ukiwa friji.

Kizibuo

Naunga mkono yote isipokuwa hilo la stempu kama kipimo cha ubora. Stempu inasema kodi imelipwa, haisemi mvinyo haujachacha. Bado unusaji ni wako.

Na Mpitanjia, mkipewa jibini au karanga wakati wa kuonja, kuleni baada ya kumaliza duru ya kwanza. Mafuta na chumvi vinafunika ukakasi na uchungu, hata mvinyo wa ovyo unakuwa laini. Katikati tafuneni mkate mkavu tu na maji. Kahawa iwe nusu saa kabla au baada ya yote.

Mkenya_Njiani

Thread safi sana. Nasi tunakuja kutoka Nairobi mwezi huo huo na tutarudi kupitia Namanga. Forodha wanaruhusu chupa ngapi?

Deli_la_Barafu

Karibuni. Kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, msafiri mwenye miaka 18 na kuendelea anapita na lita mbili za mvinyo za matumizi yake bila ushuru, au lita moja ya pombe kali. Chupa mbili za ml 750 ni lita moja na nusu, kwa hiyo mko ndani. Ya tatu inapitiliza kwa robo lita, na inabidi kuitangaza. Hesabu ni ya kila mtu na mzigo wake, kwa hiyo watu wanne wana chupa nane. Zigawanyeni kwenye mabegi kabla ya kufika mpakani, na ombeni risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) kiwandani ili bei isikadiriwe na afisa.